Kishada Juu ya Bati la Mzee Suhaib

Tangu afe, Mama Jovina alikuwa hakauki kanisani.

Sisemi hivyo kumkejeli marehemu, Mungu amlaze pema. Mwenyewe angesikia angecheka mpaka ajishike mbavu. Alipokuwa hai jumuiya ilimfuata mpaka mlangoni pale Mabibo, na yeye akajifanya mgongo unamuuma. Lakini alipokwisha kuzikwa kwao Bukoba, kila mwanawe Gaudens alipopiga simu kutoka Marekani, mama alikuwa misa. Krismasi yuko misa. Pasaka yuko misa. Kuna siku Gaudens alipiga Jumatano tu ya kawaida, akaambiwa mama kaenda kwenye novena.

"Novena ya nani?" akauliza.

Apolonia, mkewe, akababaika, akataja mtakatifu wa kwanza aliyemjia kichwani.

Uamuzi wa kumficha haukuwa wake. Ulikuwa wa ukoo, na msemaji wa ukoo alikuwa Leodegar, kaka mkubwa wa Gaudens, mtu wa kaunda suti na sauti ya mkutano. Na msijifanye hamlijui jambo hili, watu wetu ndivyo tulivyo: mtoto akiwa masomoni ng'ambo, msiba wa nyumbani haambiwi. Atachanganyikiwa. Ataacha shule. Nauli ataitoa wapi, na maiti itamsubiri mpaka lini? Bora amalize kwanza, ashuke uwanja wa ndege na shahada yake mkononi, ndipo wazee wamkalishe chini. Leodegar aliyasema hayo matangani, watu wakaitikia. Apolonia alikuwa amekaa mkekani, hana nguvu hata ya kuinua shingo, akaitikia na wenzake. Kule kuitikia alikuja kukujutia sana.

Maana walioitikia walirudi makwao. Aliyebaki na kazi ya kudanganya ni yeye.

Simu aliyokuwa akipiga Gaudens ilikuwa ya jirani, Mzee Suhaib, mwenye duka la nazi na mchele. Mzee Suhaib naye aliingizwa kwenye njama bila kuulizwa. Kila akipokea ile simu alikuwa anasema "Subiri kidogo, baba, namwita mkeo," kisha anavuta tasbihi yake na kunong'ona, "Nyie Wakristo mnanitia dhambini kwa mambo yenu." Lakini alinyamaza, mzee wa watu. Alimpenda Mama Jovina. Walikuwa wakitaniana juu ya ukuta miaka nenda rudi.

Simu ilikuwa ghali, ya salamu tu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa kwenye kaseti. Mtu akisafiri, anabeba. Gaudens anazungumza upande mmoja, anageuza, anazungumza upande wa pili, na mke na mama wanakaa sebuleni na redio kaseti katikati kama mgeni wa heshima. Kisha wanamjibu. Ndivyo walivyoishi tangu mwaka ule wa tisini na mbili alipoondoka kwenda kusoma nyota.

Nyota, ndiyo. Alikuwa mwalimu msaidizi wa fizikia chuoni, mpole, viatu vyake visigino vimeisha upande mmoja. Huko alikokwenda walimpa kishada kimoja cha nyota akichunguze kwa ile darubini iliyorushwa angani, ile ambayo mwanzoni ilikuwa na makengeza mpaka watu wakaenda huko huko juu kuivalisha miwani. Gaudens alipowaeleza habari hiyo ya miwani, Mama Jovina alikataa katakata. "Huyu anatutania," akasema. "Anadhani tumekuwa watoto."

Kishada chenyewe kinaonekana kwa macho kutoka Mabibo. Gaudens aliwaonyesha mama na mke kabla hajaondoka: unaanza na Msalaba wa kusini, unasogea kidogo mashariki na juu, pale penye kidoa cha ukungu kama unga ulioponyoka kidoleni. Ndani ya kidoa hicho mna nyota mamilioni. Na miaka ile ya mgao wa umeme, Tanesco wakikata, Mabibo nzima inakuwa giza la shambani, mbingu inashuka mpaka usawa wa mabati. Watu wakilaani, Apolonia na mama mkwe wake wanabeba vigoda kwenda uani.

"Haya, kiko wapi leo?" mama anauliza, naye ndiye anayekiona wa kwanza.

Kwa sababu jamani, huko aliko Gaudens kishada hakionekani. Aliwaambia mwenyewe kwenye kaseti ya pili, na sauti yake ikawa nyembamba. "Huku ni kaskazini mno. Hakichomozi. Nakijua nyota kwa nyota kwenye kompyuta, mama, lakini kwa macho yangu sijakiona tangu nipande ndege. Nyie ndio mnaokiona. Niambieni kiko wapi."

Basi ikawa desturi. Kila kaseti ya Mama Jovina ilianza na mahali kilipo kishada, kabla hata ya salamu. Kiko juu ya mpapai wetu. Kimeegemea nguzo ya umeme, nguzo yenyewe haina kazi. Gaudens aliujua ua ule kwa kila jiwe, akawa anakaa chumbani kwake kwenye theluji anaangalia kishada chake kwa macho ya mama yake.

Naye akawa anawalipa kwa habari. "Tulifundishwa kwamba nyota za kishada kimoja ni pacha," alisema kaseti moja, na unasikia kabisa kwamba amesimama, anatembea chumbani. "Zimezaliwa siku moja kwa unga mmoja. Sasa mie nikizipanga zile nilizopima kwa rangi na mwangaza, hazikai mstari mmoja. Zinakaa miwili! Na wenzetu wenye darubini kubwa za milimani, wanaosoma mwanga wake kujua ndani mna nini, wamekuta nyingine zina sodiamu nyingi, hii hii ya kwenye chumvi, na oksijeni pungufu. Maana yake kulikuwa na kizazi cha kwanza. Baadhi yao wakafa, wakamwaga vilivyokuwa tumboni mwao, na wa pili wakafinyangwa kwa hivyo. Profesa anasema ile mistari miwili ni kosa langu la kupima. Nimepima tena. Iko palepale."

Mama Jovina alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akavuta redio karibu na kusema ndani yake, Kihaya kikimponyoka, "Waitu, mwana wange! Kwa hiyo kuna nyumba kubwa na nyumba ndogo. Mwambie profesa wako hilo mbona hata hapa mtaani linajulikana." Gaudens aliwajibu kwamba alianguka kitandani kwa kucheka.

Mama akafa mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa tisini na nne, na kaseti zikabaki na sauti ya Apolonia peke yake.

Naye alijitahidi, mama wa watu. Asubuhi anafundisha darasa la nne, mchana anauza aiskrimu za vifuko pale shuleni ili mshahara usogee, umeme ukikatika zinageuka maji ya rangi. Jioni anarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu isiyokuwa na wa kumwambia "pole na kazi." Kulala ndiko kulikomshinda. Alimtamani mumewe mpaka anaona haya mwenyewe: alitamani mgongo wake, kikohozi chake cha asubuhi, hata ule mtindo wake wa kuacha taulo lenye maji kitandani ambao zamani uliwagombanisha. Na juu ya hayo kila akiwasha redio kaseti anajua anakwenda kumdanganya. "Mama hajambo, anakusalimu sana." Akishazima, mkono unabaki juu ya kitufe.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata akafika Elinaza. Huyu alikuwa Mpare, mwenzake Gaudens huko huko Marekani, yeye anasoma mambo ya maji. Alikuja likizo na kaseti mfukoni. Leodegar akawahi kuja Mabibo ili kulinda mpaka, maana Elinaza akijua, Gaudens atajua.

"Mama yuko wapi nimsalimie?" Elinaza akauliza, soda haijafunguliwa.

"Ah, mama kenda Bukoba," Leodegar akasema bila kupepesa. "Kuangalia migomba. Atarudi wiki hii hii."

Na kweli, ukitaka kuwa mkali wa maneno, mama alikuwa Bukoba, na migomba ilikuwa imemzunguka. Apolonia aliingia jikoni akakaa huko mpaka uso ukakauka.

Elinaza alipoondoka wakaisikiliza kaseti. Salamu, habari za tasnifu, profesa ameanza kulegea kidogo kuhusu ile mistari miwili. Kisha ikasikika Gaudens akivuta kiti karibu.

"Mama," akasema. "Kaseti tatu sasa sijasikia sauti yako. Nikipiga simu uko kanisani. Wewe? Kama umenikasirikia kwa kukaa sana huku, niambie, nitaacha nije. Nakuomba, Elinaza akirudi aniletee sauti yako. Hata neno moja. Niambie kiko wapi."

Leodegar akazima. Jasho lilikuwa limemtoka mtu wa kaunda suti.

"Shemeji," Apolonia akasema, "tumwambie."

"Amebakiza miezi!"

"Amesema ataacha aje. Anadhani mama kamkasirikia."

"Na ukimwambia mama kafa hatoacha? Akili yako iko wapi, shemeji? Miaka mitatu ya kijana iende na maji? Mama mwenyewe angekubali?" Kisha akateremsha sauti, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Au wewe unataka arudi?"

Hapo alimpata. Kwa sababu Apolonia alitaka arudi, alitaka kwa mwili wake wote, na tangu siku ile hakuweza tena kujua: anataka mumewe aambiwe ukweli kwa kuwa ni haki yake, au kwa kuwa ukweli utampakia ndege ya kwanza mpaka kitandani kwake? Alijihoji wiki nzima akipanga vifuko vya aiskrimu. Jibu halikuja safi hata siku moja.

Leodegar naye hakulala. Siku moja kabla ya Elinaza kupitia mzigo wake alikuja mbio, akafungua kabati la sebuleni, akapekua kaseti za kwaya, akaibuka na moja isiyo na jina. Uso unamng'aa.

"Nimekumbuka! Hii mama aliirekodi mwaka jana, ikakosa wa kuibeba, kisha akaanza kuumwa. Haikwenda!"

Apolonia aliijua kaseti ile. Alikuwa akiikwepa kama mtu anavyokwepa kukanyaga kaburi.

Jioni ile umeme ulikatika kama kawaida yake. Leodegar akatia betri, akabonyeza, na Mama Jovina akaingia sebuleni.

"Haya Gaudens. Kiko juu ya bati la Mzee Suhaib, kinainama, karibu kimwangukie. Isha haijaadhiniwa, hatujala bado, mkeo ananikodolea macho kwa njaa. Mie sijambo mwana wange. Nimefikiri sana mambo yako ya wale wa kwanza na wa pili. Nikasema, kumbe Mungu hatupi kitu. Nikuulize, na wewe una chumvi yangu? Kula, usikonde. Wazungu wasikuchoshe. Kama wanasema umekosea kupima, pima mpaka wachoke wao. Apolonia, njoo useme na mumeo, mie kifua kinanibana."

Basi. Kifupi hivyo, sehemu ya Apolonia haikurekodiwa. Leodegar aliirudisha na kuisikiliza tena, sasa kwa sikio la karani, anahesabu kwa vidole. Hakutaja Krismasi. Hakutaja mvua. Hakutaja mtu aliyeoa wala aliyezaa. "Haina tarehe!" akasema, akapiga goti kwa kiganja. "Shemeji, haina tarehe hata moja! Inakwenda hivi hivi, atafurahi, atamaliza, na sie tutakuwa hatujasema uongo. Si sauti yake mwenyewe?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Apolonia tu, hayana kelele. Miezi saba hajasikia sauti ile, na hapo iko, inamtania kwa njaa yake. Akatoka uani.

Giza lilikuwa limekwisha kukaa, lakini Isha bado. Akaegemea ukuta akainua macho bila nia yoyote, kwa mazoea ya shingo tu. Msalaba ule pale. Na kishada kiko palepale pake pa mwezi wa sita, juu kabisa, mbali juu ya mpapai.

Ndani, Leodegar alikuwa anaichezesha mara ya tatu. "Kiko juu ya bati la Mzee Suhaib, kinainama, karibu kimwangukie."

Apolonia akageuka kulitazama bati la Mzee Suhaib, upande wa machweo. Juu yake hapakuwa na kishada. Kishada kitafika pale, ndiyo, saa kama hizi, lakini ni mpaka mwezi wa tisa, baada ya kipupwe chote kwisha. Alijua. Miaka miwili mizima alikaa kwenye kigoda kando ya mwanamke yule, akakiona kinavyohama jioni kwa jioni, kutoka mpapai kwenda nguzo, kutoka nguzo kwenda bati, mpaka kinazama mapema na hawakioni tena mpaka mwaka mwingine. Leodegar alitafuta tarehe katika kila neno la mama yake. Nyota hakuziwazia, kwani yeye nyota zinamhusu nini?

Gaudens atajua. Mtu anayekijua kishada kile nyota kwa nyota, anayeujua ua ule kwa kila jiwe, atasikia bati la Mzee Suhaib kwenye kaseti iliyoletwa Juni, na atajua sauti hii ni ya zamani. Akishajua hilo, mengine hayahitaji mwalimu.

Alipaswa kumwita. "Shemeji, subiri, haifai." Maneno mawili matatu. Alisimama mlangoni yakiwa ulimini kabisa. Leodegar akainua uso, uso wa mtu aliyetua mzigo, akamwambia, "Sasa hata wewe utalala."

"Nashukuru, shemeji," Apolonia akasema.

Hakumzuia. Mnaweza kumhukumu, mie simo. Yeye alijiambia kwamba hajavunja neno la ukoo, hajatamka lolote, hajamwita mtu arudi. Kaseti ni ya Leodegar, sauti ni ya mama. Yeye kazi yake ni kuifunga kwenye bahasha. Akaifunga vizuri.

Kesho yake Elinaza akapita, akanywa chai na maandazi. "Mama hajarudi?"

"Kaacha sauti yake humu," Apolonia akasema, na akamkabidhi.

"Hakuna salamu za mdomo, shemeji?"

Akafikiri. "Mwambie aisikilize vizuri."

Elinaza akacheka. "Ataisikiliza mpaka utepe ukatike. Wewe humjui mumeo alivyokuwa huko? Kaseti za mama anatuwekea Watanzania wote. Hizi za karibuni zisizo na mama anazisikiliza peke yake."

Akaondoka. Zikafuata siku ambazo Apolonia asingemtakia hata adui yake. Darasani anaandika ubaoni, anasahau neno katikati. Usiku anajiambia labda hatagundua. Asubuhi anamwomba Mungu agundue. Kisha anamwomba Mungu amsamehe kwa kuomba hivyo. Na katikati ya hayo yote, bila aibu, moyo ulikuwa unakunjua shuka za kitanda cha wawili.

Jumamosi moja jioni, mjukuu wa Mzee Suhaib akapiga hodi: simu. Apolonia alikwenda na kanga moja, mikono ina sabuni ya kufulia. Mzee Suhaib alikuwa amesimama na chombo cha simu, safari hii hakunong'ona kuhusu dhambi.

"Hajasalimu," akamwambia taratibu. "Mwanangu yule hukosi kumsikia shikamoo. Leo hajasalimu."

Akaupokea mkonga.

"Gaudens?"

"Apo, mama alikufa lini?"

Hakuuliza kama amekufa. Dukani mlikuwa na mteja mmoja anapimiwa mchele. Mzee Suhaib akamwondoa kwa ishara ya mkono.

"Nani kakwambia?" Apolonia akasema, na akajichukia hapo hapo kwa kulisema.

"Mama kaniambia." Sauti ya Gaudens ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha. "Nimeisikiliza mara ya kwanza nikacheka. Ya pili nikaenda kumwamsha Elinaza asikie vile anavyosema una njaa. Ya tatu nikawa nalala nayo. Nikawa nafumba macho nakiona pale juu ya bati kama ninavyofanyaga siku zote. Nikajiambia, bati? Juni? Nikaamka nikawasha taa. Juni kiko juu ya mpapai, Apo. Hapo kwenye bati ni Septemba. Mtu mwenye mama hai haletewi sauti ya Septemba mwezi wa sita."

"Mwezi wa kumi na moja," Apolonia akasema. "Tarehe nane. Tulimzika Bukoba."

Akamsikia anaandika, kalamu inakwaruza karatasi.

"Kaka Leodegar ndiye kachagua kaseti?"

"Ndiye."

"Leodegar hajui nyota. Wewe unajua. Wewe ulikuwa unakaa naye uani. Uliisikia kabla haijaondoka?"

Hapa angeweza kusema hapana. Nani angemshuhudia? Mume yuko bahari ya pili, mama yuko kaburini, na hapana ni neno fupi.

"Niliisikia. Nilijua. Nilitoka nje nikakiona juu ya mpapai, nikajua utajua."

Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa, Gaudens akakaa.

"Miezi yote hiyo mmesema yuko kanisani. Halafu siku ya kuniambia, ukamwachia mama ndiye anitangazie msiba wake mwenyewe."

Jamani, kuna maneno mtu akiambiwa anahisi yameingia kwa mbavu. Apolonia akashika ubao wa kaunta. Alikuwa amejiandaa kwa "naja," alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kulaumiwa kwa sababu ya ukoo. Hili hakujiandaa nalo, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

"Niliogopa," akasema. "Nilitaka ujue, sikutaka niwe mie niliyesema. Leodegar aliniuliza kama nataka urudi. Nataka urudi, Gaudens. Nataka mpaka naumwa. Nikaogopa kwamba nikikwambia nitakuwa nakuita kwa kifo cha mama. Basi nikajificha nyuma yake. Nisamehe."

"Sijui," akasema. "Labda baadaye." Kisha sauti ile tulivu ikaanza kuvunjika pembeni. "Mie sijamlilia, Apo. Nilikuwa nimeanza kuhisi tangu Pasaka. Sasa nitamlilia vipi? Nani atakuja kukaa na mie chini, na nyie mnasema hajambo anakusalimu? Niko hapa na watu wanasubiri niwaeleze nyota zipi zimetokana na zipi. Mama yangu sijui hata aliumwa nini."

"Kifua. Kilianza..."

"Usikimbie. Niambie yote. Alikuwa anafanya nini siku hiyo, nani alikuwepo, alisema nini. Anzia mwanzo. Wewe, kwa mdomo wako."

"Simu ni ghali."

"Anzia mwanzo."

Mzee Suhaib alikuwa amekwisha kufunga mlango wa duka. Akamsogezea gunia la mchele akae, naye mwenyewe akakaa juu ya kreti la soda, akavua kofia yake akaiweka gotini kama alivyofanya siku ya matanga. Adhana ya Magharibi ilikuwa inakaribia, lakini hakuinuka.

"Ilikuwa asubuhi," Apolonia akasema. "Alikuwa anamenya ndizi kwenye kibaraza cha nyuma. Mie nilikuwa nachelewa shule. Akaniita, akasema, mwanangu, hebu nishikie kisu hiki, mkono unakufa ganzi. Nikadhani anatania."

Huko ng'ambo Gaudens akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisichokuwa na adabu, na mkewe hakumbembeleza wala hakunyamaza. Akaendelea kumweleza.